Nukta Milioni Nane

Kompyuta ya zamani iliungua Jumanne, umeme uliporudi kwa kishindo baada ya giza la siku mbili. Alhaji Mufutau, mtu ambaye hata kopo la wino hulinunua huku akinung'unika, safari hii alikunjua mkono. Alhamisi alasiri aliingia kiwandani na boksi kubwa kutoka Ikeja, akalifungua mwenyewe, akakisimamisha kioo cha kompyuta mpya juu ya meza ya Oladejo na kukifuta kwa kanzu yake.

"Nukta milioni nane, Baba Ami!" alisema. "Kioo chote hiki kimejaa nukta. Muuzaji kaniambia ukiweka picha ya jani unaona hadi mishipa yake."

"Milioni nane," alisema Oladejo. "Na mimi miaka yote hii nahangaika na moja tu chini ya herufi."

Alhaji alicheka mpaka akashika mbavu, na wapiga chapa wawili waliosimama mlangoni nao wakacheka. Oladejo alicheka pamoja nao, maana alikuwa bado hajakiwasha.

Shomolu ni mtaa wa wapiga chapa jijini Lagos. Kila mlango wa pili kuna mashine inayogonga, na barabarani unakanyaga vipande vya karatasi zaidi kuliko mchanga. Lakini aliyekuwa na kitabu cha Kiyoruba alielekezwa kwa mtu mmoja tu, Oladejo. Walimwita Baba Ami, baba wa alama, kwa sababu Kiyoruba kikiandikwa bila alama zake ni fujo tupu. Ọkọ, yenye nukta mbili chini, ni mume. Zing'oe zile nukta ubaki na oko, umepata shamba. Halafu ukikosea kistari kinachokaa juu ya herufi, unapata neno ambalo hakuna mtu analitamka mbele ya mama mkwe.

Kanisa moja la jirani liliwahi kuchapa nyimbo zake kwa fundi wa bei rahisi. Kwenye ubeti unaomsifu Mungu kuwa mume wa wajane, Mungu akatoka shamba la wajane, vijana wa kwaya wakaamua kulisoma lile neno la tatu, na ibada ikaishia kwenye vicheko. Ndiyo maana Mama Deborah, mlezi wa kanisa hilo, alikibeba kitabu chake kizima, nyimbo mia mbili na kumi, akamletea Oladejo. Alitaka alama kila mahali. Nusu ya nakala zilikuwa zinakwenda kwa wajukuu wao walioko London, watoto wanaojua herufi lakini lugha yenyewe hawaisikii nyumbani.

Wiki tatu Oladejo aliweka alama. Bahati nzuri kazi ilikuwa kwenye flashi, siyo ndani ya ile mashine iliyoungua. Zilibaki nyimbo arobaini za mwisho. Ijumaa saa nane na nusu mchana Mama Deborah angekuja kuzipitia na kutia saini, na mashine zingeanza kuchapa.

Jambo ambalo Shomolu haikulijua ni kwamba Baba Ami alikuwa haoni. Si kipofu, hapana. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, kama daktari alivyomwambia mwezi Desemba, na kila kitu kidogo kilikuwa kimezama kwenye ukungu. Daktari alisema apasuliwe. Oladejo aliposikia kisu na jicho vikitajwa kwa pumzi moja alichukua kofia yake akaondoka, na tangu siku hiyo aliyelijua jambo hilo ni mkewe peke yake.

Kile kioo cha zamani ndicho kilichomfichia siri. Kilikuwa kikuukuu, nukta zake nene, na kwa unene wa nukta zile kila kitu kilionekana kikubwa. Miezi sita mtu mzima alijificha nyuma ya ubovu wa kioo. Wala tusimcheke. Mwezi Machi mikono ya Baba Rasaki, mkata karatasi wa miaka ishirini, ilianza kutetemeka, na Alhaji akamuaga kwa redio moja na maneno machache: hiki ni kiwanda, siyo nyumba ya wazee. Oladejo alikuwapo. Ndiye aliyemsaidia Baba Rasaki kuibeba ile redio.

Kwa hiyo Alhamisi ile alipowasha kioo kipya na kuifungua programu yake ya alama, ilibidi kwanza aitafute ilipo. Programu yenyewe ilikuwa kongwe, na aliyeitengeneza alihamia Kanada zamani, wala hakuigusa tena. Ilijichora kwa kuhesabu nukta: kitufe kimoja nukta ishirini, herufi moja nukta kumi na mbili, basi. Enzi hizo nukta ishirini zilijaza ncha ya kidole. Kwenye kioo cha Alhaji nukta ishirini zilikuwa punje ya ulezi, na programu nzima ilikaa pembeni ya kioo imejikunyata, imejaa vidudu visivyosomeka.

"Unaionaje?" Alhaji aliuliza.

"Safi," alisema Oladejo. "Safi sana. Inang'aa."

Ijumaa alifika saa moja asubuhi, kabla ya watu, akaanza kupekua mipangilio ya mashine huku pua ikigusa kioo. Akapata mahali pa kubadili ukubwa wa vitu kwa asilimia. Mia. Mia mbili. Mia tatu. Alipoweka mia tatu kila kitu kilifumuka: herufi zikawa kubwa, vitufe vikawa vikubwa, nukta za chini zikakaa kama kunde. Kingo zilikuwa na ukungu kidogo, lakini ukungu alikuwa ameuzoea. Karibu machozi yamtoke kwa furaha. Alifanya kazi bila kuinuka, bila hata chai, na saa saba kasoro, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta, alimaliza wimbo wa mia mbili na kumi. Akaamuru kazi ihifadhiwe.

Hapo ndipo lilipotokea boksi.

Lilikuwa swali la programu, la Kiingereza, na kwa ukubwa ule wa mia tatu lilikijaza kioo kutoka juu hadi chini, likapitiliza. Oladejo alisoma: "Faili hili lina herufi ambazo mashine hii haizitambui. Ikiwa utahifadhi". Baada ya hapo kioo kiliishia. Maneno yaliyobaki yalikuwa chini ya ukingo, na vitufe vya kujibia vilikuwa chini zaidi, mahali ambapo hakuna mkono unaofika. Akajaribu kulivuta boksi juu, likagonga ukingo na kukataa. Akabonyeza kitufe cha kutoka. Boksi likapepesa, likarudi na ile "Ikiwa" yake. Na madhali boksi liko wazi, programu haisikii amri nyingine yoyote. Huwezi kwenda mbele, huwezi kurudi nyuma.

"Baba Ami, tunakwenda swala," Alhaji alisema mlangoni, kanzu nyeupe, kofia kichwani. "Tukirudi narudi na mama yako wa kanisa. Kazi iko tayari?"

"Iko tayari."

"Ndiyo maana nakupenda. Wewe ukisema tayari, ni tayari."

Wakaondoka wote, Alhaji na wapiga chapa, mashine zikanyamaza. Akabaki Sikirati, mwanamke aliyekunja na kupanga kurasa kiwandani hapo kwa miaka kumi na moja, ambaye kila mtu alimwita Iya Kudi, mama wa Kudi, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa kwenye meza yake ndefu nyuma, mikono ikienda mbiombio, moja, mbili, tatu, nne, akipanga kwa namba za kurasa.

Oladejo akairudisha mia tatu ikawa mia. Boksi likasinyaa, likaingia lote kwenye kioo na nafasi ikabaki. Sasa vitufe alivipata: vitatu, vimejipanga chini, kila kimoja na maandishi yake. Ila hakuweza kusoma hata kimoja. Akajaribu mia mbili. Vitufe vikatoka nje tena. Akarudi mia. Kwenye ukubwa aliweza kusoma lakini hakuwa na cha kubonyeza, na kwenye udogo alikuwa na vya kubonyeza lakini hakujua vinasema nini. Akatoa kwenye droo ile lenzi ya kukagulia chapa, akaibandika kwenye kioo, akainamia. Lenzi ilifanya kazi yake vizuri: ilikuza ukungu.

Angeweza kuizima mashine. Zingepotea zile nyimbo arobaini za asubuhi, mia moja na sabini zingebaki salama kwenye flashi. Mtu mwenye akili yake angefanya hivyo, na Oladejo alikuwa na akili. Lakini saa nane na nusu Alhaji angeuliza nyimbo arobaini ziko wapi, na jibu la swali hilo lilikuwa ndani ya macho yake. Aliiona ile redio ya Baba Rasaki. Akakiondoa kidole chake kwenye swichi.

"Kioo kimekukodolea macho, au wewe ndiye uliyekikodolea?" Sikirati aliuliza kutoka nyuma. "Tangu wametoka hujabonyeza hata kitu kimoja."

"Iya Kudi."

"Baba."

"Macho yako mazima?"

"Alhamdulillahi. Naona mpaka dhambi za Alhaji."

"Njoo unisomee kitu."

Mikono ya Sikirati ilisimama. "Mimi?"

"Wewe. Na usimwambie mtu." Basi akamweleza. Alimweleza yote, ukungu, hospitali, kisu, miezi sita, na kadiri alivyosema ndivyo alivyoshindwa kunyamaza, kwa maana alikuwa amechoka na siri hiyo kuliko alivyojua. Sikirati alimsikiliza kiganja kikiwa mdomoni.

"Haa! Ndiyo maana juzi uliusalimia mfuko wa saruji," alisema. "Ukaupa na habari za nyumbani. Nikadhani unanitania."

"Nilidhani ni wewe."

"Mimi nafanana na saruji?" Akacheka, halafu akaacha. "Pole, Baba. Pole sana. Sasa hamna mwingine wa kukusomea? Wakirudi hao vijana..."

"Wakirudi wanarudi na Alhaji. Njoo, mama. Ni kitu kidogo. Vitufe vitatu tu. Nionyeshe kipi kimeandikwa 'hifadhi'."

Alikuja taratibu, akijifuta mikono kwenye kitenge. Akainama kando ya bega lake na kukitazama kioo. Alikitazama muda mrefu, muda mrefu kuliko vitufe vitatu vinavyohitaji, na Oladejo akadhani anasoma kwa makini kwa sababu ya heshima ya kazi. Alimsikia anavyohema.

"Ni vidogo kweli," alisema Sikirati.

"Lakini unaviona?"

"Naviona."

"Basi kipi?"

Kidole chake kilielea juu ya kioo. "Hiki. Cha kati."

"Una hakika?"

"Baba, si nimekuambia naviona?"

Oladejo akakipeleka kishale mpaka kwenye ncha ya kidole chake, akabonyeza. Boksi likatoweka. Likatoweka moja kwa moja, halikurudi, na yeye akaachia pumzi ambayo alikuwa ameishikilia tangu saa saba. "Mungu akubariki," alisema. "Mungu akubariki wewe na Kudi na wadogo zake wote." Akarudisha ukubwa wa mia tatu ili apitie kazi yake kabla watu hawajafika.

Katikati ya kioo kulikuwa na taarifa, na kwa ukubwa ule mtu angeisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Alama 38,412 zimeondolewa. Faili limehifadhiwa.

Aliisoma mara mbili. Kisha akaangalia wimbo wa kwanza, wa pili, wa mia. Herufi zilikuwa zimekaa uchi. Nukta hakuna, vistari hakuna, wiki tatu zimefagiliwa kwa mguso mmoja, na kwa kuwa aliamuru kuhifadhi, flashi nayo ilikuwa na uchi ule ule. Alibonyeza kitufe cha kurudisha nyuma mpaka kidole kikamuuma. Programu ilikuwa haina kumbukumbu ya jambo lolote.

Aligeuka. Sikirati alikuwa bado amesimama pale pale.

"Iya Kudi," alisema polepole, "na hapa wameandika nini?"

Sikirati akaangalia zile herufi kubwa. "Wameandika... imehifadhiwa. Kazi imekwisha, Baba." Akatabasamu kidogo, lile tabasamu la mtu anayengoja kuambiwa kwamba amepatia.

Alimchukia. Tusifiche, alimchukia kwa roho yake yote, kwa muda wa kumeza mate. Halafu miaka kumi na moja ikapita mbele yake. Huyu mwanamke aliyepanga vitabu vya watu wote wa Lagos kwa namba za kurasa. Gazeti likija, lazima amtafute mtu wa kulisoma kwa sauti, akisema habari tamu haziliwi peke yake. Barua ya shule ya Kudi aliwahi kumpa Oladejo mwenyewe, eti amesahau miwani, na Oladejo hakuwahi kumwona na miwani hata siku moja. Yeye alijiona ndiye mtu pekee anayejificha chini ya paa lile.

Tabasamu la Sikirati lilianza kufifia. "Nimeharibu?" aliuliza.

Hakuwahi kumjibu, kwa sababu mlango wa gari ulifungwa nje na sauti ya Alhaji ikaingia kabla yake. Sikirati alirudi kwenye meza yake haraka, akashika karatasi. Oladejo alikaa palepale kwenye kiti. Angesema ni kitufe alichoonyeshwa na Sikirati, na mwanamke mwenye watoto wanne angetoka na redio yake. Angesema ni macho, naye angetoka na ya kwake. Alitafuta njia ya tatu, ya uongo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utu uzima hakuna uongo uliokuja.

Mama Deborah aliingia katika vazi jeupe la kanisa, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Wapiga chapa walisimama mlangoni nyuma yao.

"Baba Ami, nimefunga tangu jana kwa ajili ya kitabu hiki," alisema. "Hata nyimbo zote sitaki. Nionyeshe tu mume wa wajane, roho yangu itulie."

Akamwonyesha. Angefanya nini? Mama Deborah akavaa miwani, akasoma kimya, midomo ikichezacheza. Akasoma tena.

"Shamba," alisema. "Alhaji, hapa ni shamba."

Alhaji alisogea, akaangalia, akashika kipanya cha kompyuta mwenyewe na kupeleka kurasa juu na chini, juu na chini. "Alama ziko wapi?"

"Zimefutika," alisema Oladejo.

"Zimefutika zenyewe? Nani kabonyeza?"

"Mimi. Programu iliuliza swali, nikajibu vibaya. Sikuweza kulisoma. Sioni, Alhaji. Tangu Desemba sioni vitu vidogo."

Alhaji alikaa juu ya marundo ya karatasi, mtu ambaye huwapigia kelele wengine wakikalia karatasi. Oladejo alikuwa amewahi kuwaza kwamba siku akisema neno hilo atapata nafuu, hata kama ni ya kufukuzwa. Nafuu haikuja. Alikuwa kwenye kiti kile kile, mbele ya kioo kile kile, na sasa watu wanamtazama.

"Wiki tatu," alisema Mama Deborah kwa sauti ndogo. "Na ibada yetu ya shukrani ni Jumapili ijayo."

"Huoni," alisema Alhaji. "Sawa. Mtu haoni, anaita mwenzake amsomee. Hukuwa na mtu?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Iya Kudi nilimwacha hapa."

"Alikuwa ametoka. Alikwenda kununua maji."

Kule nyuma Sikirati alikuwa anakunja. Alikunja karatasi moja, akaibana kwa kucha. Akakunja ya pili. Alhaji alikuwa ameshafungua mdomo kusema jambo jingine, pengine yale yale aliyomwambia Baba Rasaki, mikunjo ilipokoma.

"Sikutoka," alisema Sikirati.

"Iya Kudi, nyamaza," alisema Oladejo.

"Nilikuwepo, Alhaji. Aliniita nimsomee, na kitufe nilimwonyesha mimi."

Alhaji alimgeukia. "Wewe macho yako yana nini?"

"Hayana kitu."

"Sasa kwa nini ukamwonyesha hicho? Si kimeandikwa kabisa? Kilisema nini?"

Wapiga chapa mlangoni walikuwa wanamtazama, na Mama Deborah alikuwa amevua miwani.

"Sijui kilisema nini," Sikirati alisema. "Nilichagua cha kati. Mimi sijui kusoma, Alhaji. Sijawahi kujua."

Oladejo aligeuka kumtazama, na kwa umbali ule hakuweza kuuona uso wake.